Vidole vya Kaa

Kama ulikulia Makongeni enzi zetu, wakati king'ora cha kiwanda kilipokuwa saa ya mtaa mzima, basi unaijua Jumamosi yetu. Asubuhi tulifua sare za shule kwa sabuni ya kipande, tukazianika, kisha tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mpira wetu wa makaratasi ukafumuka. Mchana, matumbo yakiwa mazito kwa githeri, tuliteremka mtoni kukamata kaa, jambo ambalo mama zetu walilikataza kila wiki na ambalo tulilifanya kila wiki. Tuliinua mawe taratibu, maji baridi yakitufika magotini, tukambana kaa kwa vidole viwili nyuma ya magando, mahali asipoweza kukufikia. Aliyeumwa alimeza kilio chake, maana kilio kingetangulia kufika nyumbani.

Siku moja nilimleta kaa wangu nyumbani, nikamtia kisirisiri ndani ya karai ambamo baba alikuwa amehifadhi kambare wawili hai kwa ajili ya wageni kutoka Bungoma. Kwa akili zangu za miaka minane, viumbe wote wa majini walikuwa ndugu. Kufikia alasiri, kambare mmoja hakuwa na mkia.

Baba aliinua mkono, lakini dada yake, Senje Nafula, aliyeishi nasi, alinivuta kando kabla haujanifikia. Senje alikuwa na kawaida yake: hakuna kitu kilichoingia jikoni mwake kabla ya kutolewa uani na kutazamwa juani, yawe maharagwe, uwe unga, awe samaki. Alimtoa kaa yule, akanichuchumaza kando yake kwenye mwanga.

"Wacha mgongo wake," alisema. "Angalia ncha za vidole vya magando yake. Umeona zilivyochongoka? Huyu amezaliwa na visu. Angekuwa wa kula mboga, angepewa vijiko."

Ungedhani somo lile lingenitosha maisha yangu yote. Wiki iliyopita, nikiwa mama mzima mwenye shahada na miwani ya kusomea, nilirudia kosa lilelile.

Binti yangu Nekesa, anayesoma chuo, ana tangi la maji ya chumvi na matumbawe hapa nyumbani kwetu Ruiru. Kwa miaka miwili amewalea samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na wiki ile walikuwa wametaga kwa mara ya kwanza, mayai yakiwa yamebandikwa juu ya jiwe kama mtama uliomwagika. Mimi nilikuwa nimepitia kwa muuza samaki wa mapambo kule Thika kumnunulia chakula chao. Hapo, chini ya taa za buluu, nikamwona kaa mweusi aliyetembea upande kwa madaha yaleyale ya kaa wa mto wetu. Moyo ukaniruka.

"Huyo anakula mwani tu, madam," muuzaji aliniambia. "Hana maneno."

Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilifika nyumbani, nikamtumbukiza tangini bila kumngoja mwenye tangi.

Nekesa aliporudi alisimama mbele ya kioo bila hata kutua mkoba. "Mum, huyu ni nani?"

"Ni kaa."

"Naona ni kaa. Kaa gani?"

Nilivua miwani, nikaanza kuifuta.

"Aki Mum, mayai!"

Kaa alikuwa amejikunyata shubiri moja tu kutoka kwenye jiwe lile, na samaki wetu wakimrukia bila kumtikisa. Vijana wa siku hizi hawainami wakatazama, huinua simu. Simu ilimpiga picha mara tatu, ikampa majina matatu. Nekesa akaipeleka picha kwenye kundi la wafugaji wenzake. Mmoja akajibu kwamba huyo ni muuaji, mwingine akauliza kama tuna nazi nyumbani ya kumpikia. Nilitaka kucheka, nikaona macho ya binti yangu yamejaa machozi.

"Nimengoja miaka miwili, Mum."

Nilikunja mikono ya blauzi. "Lete bakuli jeupe, ulijaze maji ya tangi. Tunampeleka juani."

"Juani? Si umesikia ni muuaji?"

"Waliosema hivyo hawajaona vidole vyake."

Kaa alituponyoka mara mbili. Mara ya tatu niliinua jiwe lake taratibu, nikambana kwa vidole viwili nyuma ya magando. Nekesa alinitazama kana kwamba nimeanza kusema Kichina.

"Nani alikufunza hiyo?"

"Shangazi yangu na mto."

Kule roshani, yule kaa aliyekuwa mweusi chini ya taa za buluu aligeuka kijani kibichi kama jani la sukuma wiki lililooshwa. Tukainama, vichwa vikigusana. Ncha za vidole vyake zilikuwa bapa, zimebonyea katikati. Vijiko! Nekesa akamwekea kijiwe chenye utando wa mwani, naye akaanza kukwangua na kupeleka kinywani, mkono huu kisha ule, bila haraka, kama mzee anayekunywa uji.

Sasa simu ilikuwa na kitu cha kutafuta. Nekesa aliandika rangi, akaandika umbo la vidole, picha ikatokea. "Ni yeye, Mum! Watu humtafuta makusudi asafishe mwani." Alipumua kwa nguvu, akaniegemea begani. Hata hivyo, tulimtenga tangini nyuma ya kipande cha kioo mpaka mayai yaanguliwe, kwa sababu Senje hakuwahi kumwamini kikamilifu mtu yeyote mwenye magando.

Senje alishatutoka. Mto wetu umechafuka, siku hizi siwezi kumwambia mtoto atumbukize miguu. Watoto wetu wanajua majina ya kaa wa bahari zote, nasi hatukujua hata jina la yule aliyetuuma. Nakiri kwamba kuna jioni ninapoyakosa sana yale maji baridi magotini.

Lakini mayai sasa yameota macho, madogo, yaking'aa kama fedha. Na jana Nekesa aliingia na konokono mpya ndani ya mfuko wa maji, akalipita tangi bila kusimama, akaenda moja kwa moja roshani, kwenye jua.