Mikutano Mitatu kwa Asubuhi Moja

Mshauri wangu wa kitaaluma alikuwa na ushauri mmoja tu, nao ulikuwa wa neno moja: "Someni." Alilitamka kwa uzito, kama hukumu ya Mahakama ya Rufani. Ukimwambia maktaba ina nakala mbili za kitabu kinachotakiwa na darasa zima, someni. Ukimwambia huelewi namna ya kuchambua kesi, someni. Mwenzetu mmoja alimfuata kumweleza kwamba amefiwa na baba. Akapewa pole, kisha akaambiwa asome.

Nilisomea shahada ya sheria katika tawi la chuo kimoja hapa Singida mjini, nikienda kwa miguu kutoka nyumbani Utemini. Baba yangu ana duka la vitambaa, na tangu nilipopata nafasi chuoni aliacha kuniita jina langu. Mbele ya wateja nikawa "wakili". Jambo hilo lilinivimbisha kichwa. Nilikuwa msichana wa kujipendekeza kwa walimu, sifichi, na mwaka wa pili nikawa kiongozi wa darasa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Kwenye karatasi, utaratibu wa chuo ulikuwa mzuri sana. Kila mwanafunzi alipangiwa mhadhiri wa kumshauri, na walitakiwa kukutana mara tatu kila muhula kuzungumza: masomo yanakwendaje, anakwama wapi, nyumbani kuna shida gani. Kila mkutano uliandikwa kwenye fomu, pamoja na tarehe, maelezo ya mwanafunzi mwenyewe na sahihi za wote wawili. Fomu zilihifadhiwa kwenye jalada, na wakaguzi wakija, jalada hilo ndilo lililotangulia kuwekwa mezani.

Mshauri wetu alikuwa mtu wa suti ya vipande vitatu, na nusu ya siku yake iliishia kupangusa vumbi ambalo upepo wa Singida ulimletea. Nusu nyingine aliitumia kwenye ghala lake la mahindi Mkiwa. Wachuuzi wa Mkiwa walimfahamu vizuri kuliko wanafunzi wake. Mlangoni kwake palibandikwa karatasi yenye siku za ushauri, Jumanne na Alhamisi, na hizo ndizo siku ambazo hukumpata kabisa. Mara moja kwa mwaka kulikuwa na wiki ya ushauri, yenye bango, soda na picha ya pamoja. Hapo alisimama mbele yetu na kutangaza kwamba mlango wake uko wazi saa zote. Ulikuwa wazi kweli, maana kitasa kilikuwa kibovu.

Sasa mtu wa namna hiyo atakutana na wanafunzi wake mara tatu saa ngapi? Alibuni njia. Wiki ya pili ya muhula aliniita ofisini, akanikabidhi rundo la fomu.

"Mwanangu, wajazishe mikutano yote mitatu leo leo. Nisaini mara moja, tuachane na usumbufu."

"Na tarehe, mwalimu?"

"Zipange wewe. Ziachane achane kidogo, ipendeze."

Nikazipanga, zikapendeza. Nilisimama mbele ya darasa na kuwasomea maneno ya kuandika, yaleyale kwa kila mkutano: nimekutana na mshauri wangu, nimeshauriwa vya kutosha, sina tatizo la kitaaluma wala la kifamilia. Tarehe mbili kati ya zile tatu zilikuwa hazijafika. Tulikuwa tumetoka kufundishwa asubuhi hiyo hiyo kwamba ukisaini hati umejifunga nayo. Wanasheria watarajiwa tukacheka, tukainama, tukasaini mambo ya mwezi ujao. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Wenye mwandiko mbaya niliwarudishia fomu wakaandike upya.

Darasani tulikuwa na dada mmoja kutoka Iguguno, mkubwa kuliko sisi, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa amepanga chumba mjini, na Ijumaa alirudi kwao kumsaidia mama yake shambani. Sisi wa mjini tulimcheka. Tulicheka viatu vyake, tukacheka na jinsi alivyozungumza Kinyiramba kwa sauti kwenye simu, kana kwamba sisi tulikuwa tumezaliwa mahakamani. Lakini kesi alizielewa haraka, na kabla ya kila jaribio ni mimi niliyekwenda kukaa karibu naye ili anieleweshe. Kunishauri kwenyewe alinishauri yeye. Aliyelipwa kwa kazi hiyo alikuwa Mkiwa, akipima magunia.

Muhula huo, wakati wa kuvuna alizeti, mama yake alianguka shambani na kupooza upande mmoja. Dada alikaa naye hospitali, kisha nyumbani, jumla wiki tano. Akakosa majaribio yote mawili ya Sheria ya Ushahidi. Kwa kanuni za chuo, asiye na alama za majaribio haingii kwenye mtihani, na yeye alikuwa tayari na somo la kurudia kutoka mwaka uliotangulia. Maana yake ilikuwa moja: atadisko, yaani atafukuzwa masomo. Kilichoweza kumwokoa ni kuruhusiwa kuahirisha mwaka, na ruhusa hiyo ilihitaji kamati ikubali kwamba alikuwa na tatizo na kwamba alimweleza mshauri wake.

Alikuwa amempigia simu mara nyingi. Mara pekee ilipopokelewa, aliambiwa aandike barua. Akaandika, akampa mtu aipeleke, ikawekwa mezani kwa yule bwana, na haikuonekana tena.

Siku ya kamati alikuja na cheti cha hospitali ndani ya bahasha. Tuliitwa wote wawili, yeye kama mwombaji, mimi kama kiongozi wa darasa. Kamati ilikuwa ya watu watano, na mshauri wetu alikaa miongoni mwao, tai imemkaba vizuri. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Alifungua jalada, akatoa fomu ya dada na kusoma mkutano wa tatu kwa sauti. Tarehe niliyompangia mimi iliangukia siku ya pili baada ya mama yake kulazwa.

"Hapa unasema umekutana na mshauri wako, na huna tatizo la kitaaluma wala la kifamilia."

"Siku hiyo nilikuwa hospitali, mwenyekiti. Cheti hiki hapa."

"Cheti kinasema mama yako alilazwa. Hakisemi wewe ulikuwa wapi. Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi ulidanganya siku ulipoandika, au unadanganya leo?"

Dada akaeleza kwamba fomu zilijazwa zote siku moja, mwanzoni mwa muhula. Watu watano wenye shahada za sheria wakatazamana, na ninaapa hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Walijua. Kila mhadhiri pale alikuwa na rundo lake. Mshauri wetu alikohoa, akasema kwa upole kwamba anasikitika mwanafunzi wake ameamua kumchafulia jina, na kwamba mlango wake ulikuwa wazi siku zote.

Dada akaambiwa asubiri nje. Nikabaki mimi.

"Fomu hizi ulizikusanya wewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo."

"Huyu alisaini mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mbele yako, bila kulazimishwa?"

"Ndiyo."

Yote yalikuwa kweli. Sheria ya Ushahidi ilikuwa imeniingia vizuri: shahidi hujibu alichoulizwa. Nilimtazama mshauri wangu, naye hakunitazama. Alikuwa anapangusa vumbi begani. Nilimdharau mpaka nikasikia uchungu mdomoni, na bado nilikuwa nawaza kwamba nikisema alisaini lini, itabidi niseme pia nani alimsomea maneno na nani alipanga tarehe. Nikamwona baba dukani, ananiita wakili mbele ya wateja.

Mwenyekiti akavua miwani. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayeomba kusaidiwa.

"Binti, una lolote la kuongeza kuhusu fomu hizi? Lolote. Tutakusikiliza."

"Sina, mwenyekiti."

Akaandika. Mshauri wangu akapumua, akanitikisia kichwa kama mtu anayeridhika na mwanafunzi wake.

Hadi leo nikikutana na yule bwana mjini namwamkia shikamoo, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Amepanda cheo, sasa anawasimamia washauri wote wa tawi. Nimemcheka kwa miaka mbele za watu, suti yake, ghala lake na neno lake moja, na watu hucheka nami. Habari za kamati huwa siwasimulii.

Nilipotoka nilimkuta dada kwenye ngazi, bahasha magotini. Alisimama haraka.

"Mdogo wangu, umewaambia? Kwamba tulijaza siku moja?"

"Nimewaambia," nilisema. "Wamekataa kunisikiliza."

Macho yakamlowa, akanikumbatia.

"Angalau wewe umesema," akaniambia. "Mungu akubariki." Kisha akachukua mkoba wake, akashuka ngazi kuwahi gari la Iguguno.