Ukurasa wa Mwisho wa Riwaya ya Milembe

Mimi hata darasa la pili sikumaliza, niliishia kuchunga, lakini kusimulia nimejaliwa. Mjukuu wangu Milembe alipewa riwaya shuleni, ya binti aliyeachwa na mchumba, aisome na kuandika mawazo yake. Insha bora ingempeleka mashindanoni Bariadi. Kila jioni alinisomea tukichambua pamba.

Siku moja nikakosa karatasi ya kusokotea tumbaku, nikachana ukurasa wa mwisho wa kile kitabu. Nilidhani hauna kazi, si kitabu kimekwisha?

"Babu, mwisho uko wapi?"

Aibu ikanibana. "Jirani alinisomea," nikadanganya. "Kijana alirudi na ng'ombe arobaini, wakaoana."

Mimi hadithi isiyo na ng'ombe siiwezi. Milembe akaandika hivyo hivyo, na mwalimu akatuita wote wawili shuleni.

"Mzee, kitabu chote hakina hata ndama. Hao arobaini wametoka wapi?"

Nikatoa leso nifute jasho, msokoto wa tumbaku ukadondoka. Mwalimu akaukunjua polepole, akasoma kwa sauti: binti alikataa kungoja, akaenda zake kusoma.

Milembe akaitazama tumbaku pale mezani.

"Kumbe, babu, mashindano yangu umeshayavuta."