Vitabu Vilivyochomoza Nusu

Ilikuwa Jumanne ya likizo, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Nilikuwa nimechutama uani nikisugua dumu la maziwa, simu ikalia mara moja na kunyamaza. Ulikuwa ujumbe wa mkutubi wetu, mtu ambaye huandika kama analipia kila herufi: "Mwalimu ametuacha leo mchana. Mazishi ni huko juu kwao. Pole." Mama akaona nimeganda na brashi mkononi, akauliza kuna nini. Nikamwambia Mwalimu amefariki. "Mwalimu wenu wa shule?" Hapana, nikasema, wa maktaba. "Yule mama Mmeru anayeongea Kiborana kama amezaliwa kisimani?" Huyohuyo. Mama akasema inna lillahi, akaketi kwenye jiwe la kufulia. Kisha akasema, "Huyo alinishika mkono sokoni akanisifia mtoto wangu, na mimi nikadhani amenifananisha na mtu mwingine." Simlaumu mama. Mimi si mtoto wa kusifiwa sokoni. Nikipita njia za mtaa wetu wa Kiwanjani, mbuzi wanaonekana kuliko mimi.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu wa jarida la shule mmenizoea nikilalamikia githeri isiyo na maharagwe na soksi zinazopotea kwenye kamba. Mnajua pia kwamba naandika kwa sababu kuandika hakuhitaji sauti. Darasani nikiulizwa, jibu huwa ninalo, tatizo ni kwamba linakataa kutoka. Sasa leo naomba mnivumilie, niwasimulie huyu mama. Jina lake sitalitaja, hapa sitaji mtu, na yeye tulimwita Mwalimu tu, hata sisi ambao hakuwahi kutufundisha.

Alikuwa amestaafu kabla sijazaliwa. Alianzia kazi Sericho, baadaye akapelekwa Biliqo, vijiji vya mbali huko nyikani, enzi ambazo mwalimu wa kutoka milimani akipangiwa huko, jamaa zake walimsindikiza wakilia kama anaenda vitani. Yeye akaenda, akakaa, akajifunza kunywa maziwa ya ngamia na kutaniana na wazee. Alisema mapenzi yake ya kusoma aliyapata huko kwa sababu vitabu havikuwepo. Alikuwa akisoma maandishi ya magunia ya unga, akimaliza anayageuza na kusoma upande wa pili. Aliporudi mjini akaingia maktaba kama mtu aliyeingia mvuani baada ya kiangazi, na hakutoka tena.

Alikuwa na tabia moja iliyomtesa mkutubi wetu. Mwalimu hakuwa mtu wa kuja kuulizia kitabu fulani. Alitembea polepole katikati ya rafu, akachomoa hiki, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, na kikimpendeza lakini si cha leo, alikirudisha nusu tu. Kinabaki kimechomoza, kama mtu aliyetoa kichwa dirishani. Kufikia alasiri rafu zilifanana na meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Wakati wa kufunga, mkutubi alipita akivisukuma ndani kwa kiganja, pa, pa, pa, huku akinung'unika. "Mwalimu, vitabu vina mstari." Naye kutoka mlangoni, bila kugeuka: "Mstari ni wa watoto wa shule asubuhi. Hivyo ni vitabu." Kitu ambacho mkutubi hakujua ni kwamba baadhi yetu tulikuwa tukiwahi kabla ya kile kiganja. Mimi nilisoma vilivyochomoza tu tangu kidato cha kwanza. Sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote kitabu gani ni kizuri, na kwangu kutouliza ni nusu ya raha ya maktaba.

Halafu maktaba ikaweka katalogi yake mtandaoni. Ilikuwa habari kubwa, msicheke. Mtu wa Sericho, ambaye kuja mjini kwake ni safari ya kuaga watu, sasa angeweza kuona kwenye simu vitabu vilivyopo na kuomba apelekewe na gari. Shida ilikuwa ule ukurasa wenyewe. Ukiufungua, kila kitu cheupe, na katikati kisanduku kimoja: andika jina la kitabu au la mwandishi. Basi. Wakati huohuo miguu ya Mwalimu ilikuwa imeanza kuvimba na kukataa kazi, akawa anashinda nyumbani, miguu juu ya kigoda. Ilikuwa likizo na mimi nilikuwa najitolea maktabani, nabandika namba kwenye migongo ya vitabu. Siku ya kwanza tu ya katalogi, Mwalimu akapiga simu. Mkutubi akaiweka kwa sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na gundi.

"Mkutubi, hiki kisanduku chako kimenifukuza."

"Umeandika nini, Mwalimu?"

"Nimeandika 'kitu kizuri'."

"Na kikasema?"

"Hakuna matokeo. Maktaba nzima hiyo, ati hakuna kitu kizuri."

"Lazima ujue unatafuta nini, Mwalimu."

"Ningekuwa najua, si ningekuwa nimeshakisoma?"

Tulicheka, naye alicheka. Lakini kabla ya kukata simu alisema kwa sauti ya chini kidogo, "Sasa mimi nitatembea wapi?" Mkutubi akaangalia gundi yake. Hapo ndipo tulipoelewa. Kama ule ukurasa usingempitisha katikati ya rafu, kusoma kwake kungeishia kwenye kile kigoda.

Jumamosi tukaenda kwake, mkutubi, mimi, na kijana wa kompyuta aliyeutengeneza ukurasa. Kijana ni mtu mzuri, lakini anaongea na watu kama wao ndio mashine. Tukapewa chai, tukaulizwa habari za nyumbani, za shule, za mvua iliyokataa, kisha kijana na mkutubi wakaanza kubishana juu ya kisanduku. Kijana akasema kisanduku hakina kosa, watu ndio hawajui kukitumia. Mimi nilikuwa kwenye kona na kikombe changu, nikasema kitu ndani ya chai. Mwalimu akainua mkono, wote wakanyamaza. "Huyu kasichana amesema kitu. Sema tena, na sauti." Nilitamani kikombe kiwe kikubwa niingie. Nikasema kwamba kwetu mgeni haulizwi shida yake mlangoni. Anakaribishwa, anaulizwa kama watu ni wazima, mifugo ni wazima, nyasi ipo, anakunywa chai, na shida yake inakuja yenyewe ikiwa tayari. Hiki kisanduku kinamsimamisha mtu mlangoni na kumwambia: sema unataka nini. Haikuwa hekima yoyote, kila mtoto wa Kiwanjani anajua hayo kabla hajajua kufunga viatu. Lakini Mwalimu alimgeukia kijana na kumwambia, "Umesikia? Wewe mwenyewe umekunywa vikombe viwili kabla ya kuanza kubishana."

Basi tukaamua kisanduku kibaki, lakini chini, na mtu akifungua ukurasa apokewe na rafu zenye picha za majalada, azisukume kwa kidole kama anayetembea. Mkutubi alizipa rafu majina ya kwanza: Fasihi Andishi, Sayansi ya Jamii, Marejeleo. Hakuna aliyezifungua. Mwalimu akamwambia aandike vile watu wanavyomuuliza pale mezani. Ndipo zikazaliwa rafu mnazozijua: Vya Kusoma Gari Likiharibika Njiani, Vya Kumnyamazisha Mtoto Anayeuliza Kwa Nini, Vya Mtu Aliyekosana na Hesabu. Watu wakaanza kuingia. Makosa yalikuwepo. Kwenye rafu ya Vya Kusoma Ukiwa Umefunga, kijana wa kompyuta aliweka kitabu cha mapishi, jalada zima ni sambusa na pilau, na msomaji wa Biliqo akatuandikia saa tisa mchana wa Ramadhani akiuliza tumemkosea Mungu nini. Na mimi ndiye niliyepiga picha za majalada, mara tu baada ya Idd ya kuchinja iliyotangulia, kwa hiyo kidole changu chenye hina kimetokea pembeni ya karibu kila picha. Niliomba nizirudie zote. Mwalimu akakataa katakata. "Kiache. Mtu ajue kuna mkono uliomshikia kitabu."

Rafu ya juu kabisa ilikuwa yake. Tuliiita Vilivyochomoza. Alichagua kitandani kwa kunitumia ujumbe wa sauti, mimi naweka, na kijana alifanya majalada ya rafu hiyo yajitokeze kidogo mbele ya mengine, kazi nzuri sana ingawa alikuwa akilalamika. Hiyo ndiyo rafu iliyofunguliwa kuliko zote. Kijana hakuipenda. Alisema haina utaratibu, ni ladha ya mama mmoja tu, na siku Mwalimu akiacha kuchagua ataiondoa, kwa sababu rafu isiyobadilika inachafua ukurasa. Mwalimu alipopata habari hiyo alinitumia ujumbe wa sauti, mfupi, pumzi zikiwa nyingi kuliko maneno: "Mimi nikichoka, uchague wewe. Anza na kimoja." Nilimjibu kwa kikatuni cha uso unaotabasamu. Ndiyo, hicho tu. Kwa sababu kuchagua mbele ya watu ni kuwaonyesha unachokipenda, na mtu akishajua unachokipenda ana mahali pa kukuchekea. Kuna kitabu chembamba pale maktabani, jalada la kahawia tupu bila picha, hadithi ya mwanamke anayechimba kisima peke yake huku kijiji kikimtazama. Nimekisoma mpaka nakijua. Kila nikikirudisha nakisukuma ndani kabisa, mpaka nyuma ya vingine, mtu asijue kama kuna aliyekigusa.

Jumanne hiyo usiku nilifungua ukurasa kwenye simu ya mama. Vilivyochomoza ilikuwa bado ipo, na chaguo lake la mwisho lilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki, Mungu anajua alitaka nyuki wa nini. Nikafikiria vile watu wanavyosema kwamba simu itaua maktaba, na wengine kwamba simu itaiokoa. Mimi naona simu ni mlango tu. Unaweza kuweka mlangoni mtu wa kuhoji, au unaweza kuweka mtu wa kukaribisha, na Mwalimu alikuwa amekaa pale mlangoni miezi yote ile na miguu yake iliyovimba, akiwamiminia chai watu wa mbali kama Merti ambao hakuwahi kuwaona. Nilikuwa nimedhani kuchagua ni kujionyesha. Kumbe anayeficha kitabu kizuri kwa sababu ya haya ni kama mwenye nyumba anayejifungia ndani mgeni akibisha hodi, kisha anajiita mpole.

Jumatano asubuhi nilifika maktaba mkutubi akifungua kufuli. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi, na hakukuwa na upepo. Tukaingia, akawasha kompyuta, mzee mmoja ambaye huja kusoma magazeti akaketi mahali pake. Mkutubi akasoma ujumbe kwenye kioo cha kompyuta, akakuna shingo. "Kijana anauliza ile rafu ya Mwalimu aitoe leo, ama tungoje mazishi."

"Isitoke," nikasema.

"Sasa nani atachagua?"

"Mimi."

"Nani?" Hakuwa ananidhihaki, kweli hakusikia.

"Mimi. Nitachagua mimi," nikasema, na mzee wa magazeti akageuka kuangalia ni nani anapiga kelele maktabani.

Mkutubi akauliza kama aweke jina langu juu ya rafu. Nikamwambia hapana, aweke kidole. Akakata kidole changu chenye hina kutoka kwenye picha moja, akakipandisha pale juu, na chini yake nikaweka kitabu cha kahawia, ambacho kwenye simu kinaonekana kama kipande cha mkate ulioungua. Sikujali. Nikaenda kwenye rafu yenyewe, ile ya mbao, nikapenyeza mkono mpaka nyuma, nikakitoa, nikakirudisha nusu.

Mkutubi akapita na vitabu vya kurudisha. Alipofika pale, kiganja chake kikainuka chenyewe, kwa mazoea. Akakishusha. Akaweka chini vitabu alivyobeba, akakishika kile cha kahawia kwa vidole viwili, akakivuta nje kidogo zaidi.