Siku Stelingi Alipokufa Sebuleni

Bibi yangu mzaa mama aliletwa Dodoma mjini kutoka Haneti ili afanyiwe operesheni ya jicho. La kushoto lilishakufa zamani. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na ndilo pekee alilobaki nalo. Alikubali kwa shingo upande, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama alinipa kazi moja tu: nimchangamshe bibi asije akaghairi.

Nami, kwa akili zangu za kidato cha pili, nikawasha gemu.

Mashine ilikuwa ya mjomba. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na mjomba alikuwa haachi kitu dukani. Kwenye kasha la diski palikuwa na picha ya yule mwigizaji wa kung'fu ambaye bibi alimjua vizuri kuliko mbunge wake. Kule Haneti, siku za mnada, kuna bwana aliyekuwa akija na jenereta na televisheni, anaonyesha mikanda ndani ya turubai. Bibi akishauza karanga zake, anaingia. Kiingereza hajui, Kichina ndiyo kabisa, lakini kanuni aliijua kama sisi sote: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa shimoni, mwishoni ataibuka. Hata operesheni aliikubali kwa maneno hayo hayo, kwamba stelingi wa jicho lile ni yeye.

Alilisogeza kasha mpaka likamgusa pua. Ndiye, alisema, akavuta kigoda karibu na televisheni.

Sasa mimi gemu lenyewe nilikuwa silijui. Nikabonyezabonyeza, stelingi akarusha teke hewani, akaja jamaa mmoja wala hana sura ya maana, akamtandika, chali. Bibi akauliza kama amelala. Nikasema amekufa, na papo hapo nikajuta. Stelingi akainuka mzima wa afya, akafa tena. Bibi akataka kujua nani anamuua. Nikamweleza kwamba ninayemwendesha ni mimi. Akauliza, lakini mimi si nilikuwa upande wake? Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Kama ni yeye, mbona anakufa? Na kama ni mimi, yeye yuko wapi? Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanikata jicho.

Bibi akaomba ashike yeye. Akabonyeza, stelingi akafa. Akabonyeza, akafufuka. Alirudia hivyo kwa muda mrefu, kisha akaniwekea kile kidude cha kuchezea mapajani.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote mimi mjukuu wake wa kike, "daktari naye ana kitufe hiki cha kuinulia?"

Nilimtazama mama. Mama aliutazama mwiko wake.

"Hana, bibi," nikasema.

Chakula hakugusa. Tulijua habari ya operesheni imekwisha. Lakini asubuhi tulimkuta bibi mlangoni, khanga ameshajitanda, akituuliza tunangoja nini. Sikuelewa hata kidogo. Kama ningemdanganya, hapo ningeelewa.

Bandeji ilipotolewa, aliona. Alimtazama mama, akalia kidogo, akasema kumbe binti yake naye amezeeka. Tulipofika nyumbani akaniamuru niwashe lile gemu. Safari hii alikaa mbali, kwenye kochi, akamkagua stelingi kuanzia juu mpaka chini: uso wa pembepembe kama tofali, mikono haina vidole.

"Huyu siye," alisema. "Na mimi nilikwenda kule hospitali nikijua stelingi anakufa."