Ndege ya Vipande

Mtu akinichelewesha na akanyamaza, namsamehe. Anayenichelewesha huku akinitumia picha za paka wake, huyo ananitia kinyaa. Namsema fundi mmoja wa Ulaya ambaye sijamwona kwa macho, na Mungu akipenda sitamwona, aliyenifanya kwa miezi nione haya kupita mbele ya maduka ya mtaani kwangu hapa Kismayo.

Nianze na mama, maana ndege ilikuwa yake. Mama yangu ni mtu wa kisiwa cha Chovai, binti wa fundi wa vyombo na mjane wa fundi wa vyombo. Anakaa nami tangu tuliporudi kutoka Mombasa. Ana chumba chake, ana mlango wake, na mbele ya mlango ana karai la kukaangia samaki ambalo linajulikana mtaa mzima. Mdogo wangu wa kike yeye alivuka akaenda Ulaya tulipokuwa bado wakimbizi kambini huko Mombasa, akaolewa huko, akazaa huko, na kwa miaka alihangaika na karatasi mpaka akampatia mama ruhusa ya kwenda kuishi naye. Magoti ya mama yamekwisha. Kule kuna madaktari wa magoti. Hapa kuna mafuta ya kuchua na watu wa kukupa pole. Ruhusa yenyewe ilikuwa na mwisho: asipoingia nchi ile kabla ya Ramadhani, imekufa, na kuanza upya ni miaka mingine ya karatasi.

Mama hakukataa. Alisema tu kwamba hapandi chombo ambacho hajaona mataruma yake.

Wako watakaolicheka hilo, kwa hiyo nieleze. Mataruma ni zile mbavu za chombo. Kwetu visiwani chombo kinapoundwa, kabla mbao hazijazifunika mbavu, wale watakaokisafiria huenda kukitazama, wanawake kwa wanaume. Wanaingiza mkono, wanagonga, wanauliza mti umetoka wapi. Ukishafanya hivyo unajua umekaa ndani ya nini. Mama alipanda chombo asichokijua mara moja tu maishani mwake, mwaka ule tuliokimbia vita, na safari nzima mpaka Kiunga alikuwa akikumba maji kwa sufuria ya wali, mimi nimemng'ang'ania nguo. Basi aliposema anataka kwanza kuona mbavu za ndege, sikucheka. Nililiona ni neno la maana, tena nikajiona mjanja, kwa sababu dawa yake nilikuwa nayo mfukoni.

Kazi yangu ni kutengeneza boti za faiba, na nikipumzika hupenda kutazama kwenye simu watu wanaounda vitu vidogo. Nilikuwa namfuata huyo fundi wa Ulaya. Anatengeneza ndege za abiria za mfano, zile kubwa zinazovuka bahari, ila zinakuja vipande vipande ndani ya sanduku, nawe unaziunga mwenyewe kwa gundi. Yuko peke yake katika kibanda nyuma ya nyumba yake. Alikuwa ameweka picha ya ndege aina ile ile ambayo mama angepanda, imepasuliwa ubavuni, na ndani yaonekana kila kitu: mbavu, sakafu, viti safu kwa safu, hata choo. Urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Nikamwonyesha mama. Akaikodolea macho, akasema picha si kitu, mpaka aishike. Nikampigia mdogo wangu, naye akaagiza masanduku mawili: moja la mama, na jingine langu, kwa sababu na mimi nilitamani. Fundi akaahidi yatafika kabla mvua hazijaanza.

Mvua zikaanza, zikanyesha, zikaisha.

Ujumbe wa kwanza ulisema kalibu, ile ya kumiminia vipande, imevunjika. Sawa, kalibu huvunjika, zangu pia huvunjika. Wa pili ulisema resini, ile gundi ya faiba, haikauki kwa sababu ya baridi. Hapo nilikunja uso. Mimi resini naishika kila siku, nywele zangu zanuka resini, na najua kwamba isipokauka unaiongezea dawa ya kukausha, unaendelea na kazi. Wa tatu ulikuwa mrefu, una habari za mafua ya mkewe na picha ya supu aliyompikia. Wa nne ndio ule wa paka, amelala juu ya karatasi za michoro, na chini yake fundi ameandika kwamba mkubwa wa karakana, yaani huyo paka, ameagiza mapumziko. Kila ujumbe ulianza kwa kutuita sisi wateja wake familia. Familia gani? Mtu wa familia yangu akinifanyia hivi nakwenda kukaa mlangoni kwake mpaka aone aibu.

Na hilo ndilo lililonichefua zaidi ya yote. Baba yangu alikuwa akichelewesha vyombo vya watu, wala simtetei. Lakini mwenye chombo alikuwa anakuja karakanani, anakaa juu ya gogo, anatazama. Akiona mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, uko peke yake mchangani, anajua kazi haijaanza. Akiona mbavu, anajua imefika wapi. Baba hakuwa na haja ya kumdanganya, maana kazi ilikuwa palepale uchi. Huyu wa Ulaya alitungojesha kwa maneno matupu, tena maneno matamu, mapenzi na shukrani za bure. Nilikuwa nikiyasoma kwa tafsiri ya simu, nikijisikia kama niliyelishwa halua iliyoingia mchanga.

Mtaani nao hawakuniacha. Siri ilitoka, sijui kwa nani. Muuza mitungi ya gesi, Msomali mmoja mwenye mdomo, kila asubuhi aliniuliza kwa Kisomali kama ndege yangu imetua. Baadaye akawafundisha na wenzake. Nikipita naulizwa kama naelekea uwanjani. Siku moja imamu mwenyewe aliniuliza, kwa upole, kama ni kweli nangoja ndege kutoka Ulaya, na nikalazimika kumweleza mtu mzima, baada ya swala, kwamba nangoja kidude cha kuunga kwa gundi.

Nikirudi nyumbani nilikuwa nimejaa. Mama yuko kwenye karai lake, nami nakaa karibu yake na kumsomea ujumbe mpya, nikiukatiza kwa matusi. Nilimwita yule mtu mshenzi, nikamwita mwizi, nikasema namtapikia. Mama aliuliza jambo lile lile kila mara.

"Kwa hivyo bado?"

Nami nikijibu kwamba bado, anageuza samaki. Hakuwahi kukasirika pamoja nami. Hilo nalo liliniudhi, kwa sababu magoti yalikuwa yake na safari ilikuwa yake, na mimi ndiye niliyekuwa nashikwa na kizunguzungu cha hasira. Nilimwambia Ramadhani hiyo inakuja. Nilimwambia mtu huyu akiendelea hivi atamkwamisha hapa. Kuna mara nilisema, nakumbuka vizuri kwa sababu alisita na mwiko mkononi, kwamba ningekuwa na mabawa ningempeleka mwenyewe mgongoni, kesho. Akaniwekea kipande cha mkia, kile nikipendacho, akaanza kusafisha karai ingawa wateja walikuwa bado wanakuja.

Nikaona ni utu uzima. Nikamsifu kimoyomoyo kwa subira yake, kisha nikarudi kwenye simu kumwandikia fundi kwa mara nyingine kwamba kuna mama mzee anayemngoja. Akajibu kwa kopa tatu nyekundu.

Sanduku lilifika zikiwa zimebaki siku chache ruhusa ife. Moja tu, si mawili. Lilishukia Mombasa kwa binti wa mjomba wangu, akalipeleka Lamu, likapanda mpaka Kiunga, likavushwa mpaka Ras Kamboni, na kutoka hapo likaletwa kwa boti juu ya marobota ya papa mkavu. Kwa hiyo liliingia nyumbani likinuka papa. Kadibodi ilikuwa imelowa mafuta yake, na nilipolibeba kupita kwa muuza gesi, paka wote wa mtaa walinifuata. Hakuuliza chochote siku hiyo. Alicheka tu hadi akakaa chini.

Nilitandika mkeka chumbani kwa mama, nikalifungua mbele yake. Nilitoa mabawa, nikatoa injini, nikatoa mkia, na chini kabisa nikatoa mwili wa ndege, nusu mbili zilizofungwa kwa karatasi laini. Nikampa mama nusu moja, mimi nikashika ya pili.

Ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na mbavu, sakafu wala kiti hata kimoja. Palikuwa laini na peupe, ganda la kaa aliyekwisha kuliwa. Madirisha yenyewe yalikuwa karatasi ya kubandika kwa nje. Nikalipekua sanduku, nikalipindua, nikapata kikaratasi. Fundi alituarifu, kwa mapenzi makubwa, kwamba vipande vya ndani vimechelewa kidogo na vitafuata baadaye pamoja na sanduku la pili.

Mama alipitisha kidole ndani ya ile nusu yake kutoka puani hadi mkiani.

"Wachu wakaa wapi?" akauliza; kwetu visiwani watu ni wachu.

Harufu ya papa na gundi na yale mapenzi makubwa vilinijaa puani vyote pamoja. Nikachukua simu nimwandikie mtu yule maneno ambayo tafsiri ya simu ingeona haya kuyatafsiri.

"Mwache," mama akasema. "Hajanikosea kichu."

Nikapaza sauti. Nikamwambia amemkosea sana, kwamba kwa ajili ya huyu mpumbavu safari imeharibika, kwamba ruhusa ndiyo hiyo inakufa na yeye atabaki hapa, hapa hapa, na karai lake na magoti yake.

Mama akaiweka nusu ya ndege juu ya mkeka, taratibu, kama anayehofia itavunjika.

"Kila ukimtukana mchu huyu kwa kuchelewa," akasema, "mimi nasikia mwanangu ana haraka nimwondokee nyumbani."

Nilisema magoti. Nilisema madaktari, nikasema wajukuu ambao hajawashika, nikasema mdogo wangu alivyohangaika. Yote yalikuwa kweli, na yote yalitoka mdomoni yamechacha. Mama alipoona nimemaliza, akaniuliza.

"Wewe wataka nende?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ubalozi haukuniuliza, mdogo wangu hakuniuliza, nami sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa na fundi wa kumchukia na hilo lilinitosha kwa kazi. Nikasema sitaki. Nikasema sijui nitakula na nani. Nikalisema hilo nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nikaichukia na sauti yangu yenyewe.

"Hukunambia," akasema.

Kisha akashika ukuta, akajiinua, akainama kwa shida upande wa kitanda chake na kuvuta kitu kutoka uvunguni. Ulikuwa mfuko ule wa safari aliorudi nao kutoka Mombasa, umejaa, umefungwa kwa kamba ya mnazi. Alikuwa ameufunga tangu wiki ile ndege ilipoagizwa. Leso zake, dawa ya kuchua, msahafu, viatu vya baridi ambavyo mdogo wangu alimtumia, vyote vilikuwa vimo tayari. Mbavu au bila mbavu, angepanda. Angepanda siku yoyote ambayo mimi ningesema ndege imefika, ili anipishe nyumbani kwangu.

Akanisogezea mfuko nimfungulie. Fundo alilikaza mwenyewe na sasa vidole vyake haviliwezi.

Nililifungua kwa meno.