Mama Volti wa Chumba cha Betri

Nguo za Mama Volti hazizeeki, hutoboka. Asidi huzila kimyakimya, na siku ya kufua matundu hujitokeza kwenye sketi kana kwamba imepigwa marisau. Mikononi ana mabaka meupe mpaka kwenye viwiko. Mjomba wake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akimchapa kwa waya kila aliposahau kuzima chaja kabla ya kugusa vibanio vyake. Hakumweleza sababu. Maneno husahaulika, alisema, waya hausahauliki.

Sasa yeye ndiye mwenye chumba: chumba kirefu cha matofali nyuma ya karakana ya boti, madirisha bila vioo ili hewa ipite, betri zimepangwa juu ya mbao. Mafundi wanamwogopa. Mmoja aliyeingia na sigara inayowaka alitoka bila sigara na bila jino la mbele. Wenzake walipokuja kulalamika, aliwajibu kuwa betri ikichajiwa hutoa hewa inayoshika moto kuliko petroli, na kwamba jino ni bei nafuu.

Aliyemsumbua kuliko wote ni mdogo wa mumewe, nahodha wa boti ya kuvusha abiria. Boti hiyo ilikuwa ikitumia betri ya gari. Mama Volti alimwambia mpaka akachoka kwamba betri ya gari ina mabamba membamba: hutoa nguvu kwa kishindo, injini ikawaka, basi. Boti inataka taa, pampu na redio zifanye kazi hata injini ikizimika. Inataka mabamba manene, yanayovumilia kukamuliwa polepole. Nahodha akacheka. Betri ilipolegea, akaiongezea asidi badala ya maji yaliyosafishwa, akidhani anaitia nguvu. Asidi ikayala mabamba. Pampu ikasimama katikati ya maji, boti imejaa watu, na abiria wakakumba maji kwa ndoo na viatu mpaka nchi kavu. Walipofika, mmoja wao alimvunja nahodha pua.

Pua ilimfunza kilichowashinda ndugu zake. Alimwachia Mama Volti achague betri mpya. Mama Volti alizinyanyua moja moja dukani, akazikataa nyepesi, akachukua iliyomtoa jasho, kwa kuwa uzito wa betri ni mabamba ya risasi yaliyomo ndani. Akaitengenezea sanduku lenye mikanda, isiruke wimbi likipiga. Kisha akaiweka kwenye chaja.

Nahodha aliingia asubuhi, pua ingali imevimba.

"Shemeji, nipe betri yangu."

"Haijajaa."

"Injini itaijaza njiani."

"Hivyo hivyo ndivyo ulivyoilegeza ile nyingine. Ukiizoesha nusu tumbo, mabamba yanaganda chumvi, utaniletea maiti. Njoo mchana."

"Abiria wananitukana kule gatini!"

"Waache. Matusi hayazamishi boti."

"Hivi kaka yangu alioa mke au alioa askari?"

"Alioa wa kukuchapa wewe. Mama yenu alishachoka."

Nje ya dirisha mafundi waliangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomtia nahodha wazimu. Alimsukuma shemeji yake kifuani akagonga ukuta. Mama Volti alirudi na brashi ya waya aliyokuwa akisugulia vichwa vya betri, akamchana nayo shavu. Nahodha akamzaba kofi lililomlaza sakafuni, akamruka, akaifikia betri. Chaja ilikuwa ikinguruma. Akashika vibanio.

"Zima kwanza! Zima!"

Akavivuta.

Cheche ilikuwa ndogo, mlipuko haukuwa mdogo. Mfuniko wa betri ulipasuka, kipande kimoja kikajikita kwenye mlango, na asidi ikamrukia nahodha usoni, macho yakiwa wazi. Alipiga yowe, akaanza kuyasugua kwa mikono iliyolowa asidi ile ile.

Mama Volti alijua hakuna muda: ama maji sasa hivi, ama shemeji yake akae gizani maisha yake yote akisubiri mtu wa kumshika mkono. Alimkamata ukosi wa shati, akamburuta mpaka kwenye bomba la uani, akambwaga kwenye saruji chini yake, akalifungulia maji na kumkalia kifuani. Mkono mmoja akaubana kwa goti. Nahodha alifumba macho kwa maumivu. Mama Volti akamfumbua kope kwa vidole. Maji yalimwingia kwenye pua iliyovunjika, akapaliwa, akamng'ata shemeji yake kiganja mpaka damu. Mama Volti akamtandika ngumi ya taya. Akalegea, kope zikaachia.

"Anamzamisha! Anamuua shemeji yake!"

Mchomeleaji wa karakana alikuja mbio na ubao. Hakuuliza. Ubao ulitua mgongoni, kisha begani, ambapo kitu kilikatika ndani kwa ndani. Mama Volti hakumwachia nahodha.

"Ana asidi machoni, mpumbavu wewe! Kama una nguvu za kugawa, mshike miguu!"

Mchomeleaji aliutazama ubao kana kwamba alipewa na mtu mwingine. Akautupa, akaikalia miguu ya nahodha, akawa anamwomba mmoja radhi na kumtukana mwingine kwa zamu.

Maji yalitiririka mpaka uani pakawa matope. Mama Volti akainua kidole mbele ya uso uliovimba.

"Unaona nini?"

"Kidole." Nahodha alikohoa maji. "Na nyuma yake mwanamke mbaya, sijapata kuona."

"Kwa jicho lipi?"

Akafumba moja, kisha la pili. "Yote. La kulia lina ukungu. Niachie basi, shemeji, nimelowa mpaka roho."

Mchomeleaji akaanza kuinuka. Mama Volti, bega moja likining'inia, alimshika nahodha paji la uso kwa mkono uliobaki mzima, akalisukuma jicho la kulia chini ya bomba.