Shuka Ambayo Igoki Alibeba Kwenda Pwani

Igoki mke wangu aliogopa maji. Kaka yake Nyamu alizama mwaka ule bwawa lilijaa, wakampata siku ya tatu. Tangu hapo hata mtoni Igoki alichota akiwa mbali, ndoo kwa kamba. Sisi ni watu wa Gachoka. Tunalima mtama na ndengu, tunachunga mbuzi. Kuogelea hakuna anayejua.

Mwaka wa tisini na nne kijana wetu Nthiga alikuwa amemaliza miaka mitatu akiishi Pwani. Alienda kujenga hoteli katika mji mmoja wa wavuvi. Hoteli iliisha, yeye akabaki. Kazi aliyopata hatukuielewa. Barua yake ilisema ni ya wazungu na samaki.

Jumanne moja Muriuki alikuja kwetu kwa miguu. Yeye ndiye mwenye duka, na simu ilikuwa kwake tu. Hakutaka kukaa. Alisema mtu amepiga kutoka Pwani, simu ilikuwa na kelele, lakini neno amelisikia. Nthiga amezama.

Majirani walianza kuingia. Igoki aliwarudisha langoni.

"Silii mtu sijamwona," alisema.

Alifungua sanduku akatoa shuka nyeupe, mpya, aliyokuwa amemwekea Nthiga siku ya kuoa. Akaikunja mara nne, akaiweka kwapani. Huo ndio mzigo tuliobeba. Njia yote mpaka Mombasa, na mbele yake, hakulala. Midomo tu ilikuwa inatembea. Nilijua anaomba mwili upatikane.

Tulifika mchana. Nilidhani nitaona wavuvi. Niliona mashua zimepakwa rangi na kuandikwa majina ya Kizungu. Pale pa kuuzia samaki palikuwa na mitungi ya chuma, imepangwa kama mikebe ya maziwa ikingoja lori. Nyavu zilitundikwa kwa ukuta wa hoteli, za kuangaliwa.

Mzee mmoja wa huko, Athumani, alikuwa anapaka mashua rangi. Igoki alimuuliza mwili wa Nthiga umewekwa wapi.

"Nthiga yuko chini," mzee alisema.

Igoki alijua wamemzika bila sisi. Alinishika mkono, kucha zikaingia. Alimuuliza ni nani aliwapa ruhusa.

Mzee alimwangalia, akaangalia shuka, akaweka brashi. Aliuliza tumeambiwa nini. Nikamwambia: amezama.

"Kazamia," alisema polepole. "Jumanne kapewa cheti cha kuongoza wageni chini ya maji. Mimi ndiye niliyepiga simu, mfurahi. Nyinyi watu wa bara mmemeza herufi moja, mkaua mtu."

Mimi nilicheka, machozi yakatoka. Igoki hakucheka. Alisema kuzama na kuzamia yeye haoni tofauti, yote mtu yuko ndani ya maji. Apelekwe hapo, saa hiyo.

Hakuwa amepanda mashua maishani mwake. Alikaa katikati, shuka magotini, macho kwa mbao. Athumani alitueleza kwamba mahali tunapoenda yeye alikuwa anavua samaki, changu, na baba yake pia. Sasa wageni wanatoka Ulaya, wanateremka na ile mitungi ya hewa mgongoni, wanawaangalia samaki na kuwaacha. Alisema hata yeye bado hajaelewa.

Tukafika kwenye mwamba. Alizima injini, akaonyesha mahali maji yalikuwa yanachemka kidogo.

"Povu likipanda, mama, ujue anapumua."

Igoki aliinama. Povu lilikuwa linapanda mahali panne. Aliuliza la Nthiga ni lipi, akaambiwa la mbele. Akaliangalia hilo tu.

Kisha likapotea. Yakabaki matatu.

Athumani alisema labda amepita chini ya jiwe. Lakini alisimama, akashika ukingo wa mashua. Mimi nilianza sala. Igoki alianza kukunjua shuka, pembe moja, halafu nyingine.

Alikuwa amefika pembe ya tatu povu likatoka nyuma yetu, upande ule mwingine wa mashua. Halafu kichwa. Nthiga alitoa kioo usoni.

"Mama? Mmekuja kuniona nikizamia?"

"Tulikuja kukuzika," Igoki alisema. "Toka huko ukule."

Alimfunika na ile shuka, akamshika mabega mpaka nchi kavu. Yeye Nthiga alibaki na kazi yake. Shuka tulirudi nayo, Igoki akaifua, akairudisha sandukuni.

Mwaka wa tisini na nane mapafu ya Igoki yalikataa. Hospitali waliweka mtungi wa chuma kando ya kitanda, kama ile ya Pwani, na mpira puani. Juu ya mtungi kulikuwa na chupa ndogo ya maji, na ndani yake povu linapanda. Nikajua anapumua. Nilivuta kiti nikaangalia povu, asubuhi yote. Uso wake sikuangalia sana. Ulikuwa unaniumiza.

Saa saba muuguzi alikuja, akamgusa shingo.

"Mzee, mama ameenda."

Nilimwonyesha povu. Akaniambia hilo si la mama, ni la mtungi. Alifunga kitu hapo juu, likaisha.

Shuka ilikuwa sandukuni. Nthiga alifika Jumamosi, akaikunjua yeye.